Kimya Kabla ya Risasi: Watazamaji na Filamu za Mapigano Zisizo na Haraka

Filamu ya Sergio Leone iliyotoka Italia Desemba 1968, C'era una volta il West, inaanza na wanaume watatu wenye silaha wanaosubiri treni katika kituo kidogo cha mbao, katikati ya nchi kavu. Wanasubiri kwa takriban dakika kumi. Kinu cha upepo kinalia kwa kukosa grisi. Maji yanamdondokea Woody Strode kichwani tone baada ya tone. Hasogei, anavaa tu kofia yake na kuyaacha yajikusanye ukingoni. Nzi anamtambaa Jack Elam usoni mpaka Elam anamnasa ndani ya mtutu wa bastola, anauziba kwa kidole na kumsikiliza akivuma. Al Mulock anaalika vidole vyake. Hakuna muziki wowote. Treni inafika, inaondoka, na ng'ambo ya reli amebaki mtu mmoja anayepuliza kinanda cha mdomo. Risasi zinalia, na katika sekunde chache kila kitu kimekwisha.

Filamu hiyo ilipokewa kwa namna mbili zisizofanana hata kidogo. Nchini Marekani, ambako ndiko kisa kinakotokea, ilianza kuonyeshwa Mei 1969 na watu hawakwenda. Kampuni ya Paramount ikaona dawa ni mkasi. Ikakata takriban dakika 20, na bado kumbi zikabaki tupu. Ufaransa zilinunuliwa zaidi ya tiketi milioni 14, na Wajerumani nao waliikimbilia kwa mamilioni. Vijana wa Paris walianza kutafuta makoti marefu kama yale ya majambazi wa Leone. Tiketi milioni 14 haziwezi kununuliwa na wahakiki na wanafunzi wa sanaa peke yao. Walionunua ni makarani, makanika, wauza duka na wake zao, watu waliomaliza kazi Jumamosi na kwenda kutazama picha.

Hesabu hiyo ndiyo inayonizuia kukubali kauli inayotolewa kila mara filamu ya namna hii inapoanguka: kwamba mtazamaji wa kawaida hana subira, anataka milipuko tu. Nimeifuatilia historia hii kwa mapenzi, na ninachokiona ni kingine. Watu hukubali kusubiri, tena sana, mradi wajue wanasubiri nini. Kinachowaudhi ni kualikwa harusini na kukuta matanga.

Mwanzo wa habari hii uko Tokyo. Mwaka 1954 Akira Kurosawa alitoa Shichinin no Samurai, kisa cha wanakijiji wanaowakodi wapiganaji saba wawalinde dhidi ya wanyang'anyi. Filamu ina dakika 207, pamoja na mapumziko katikati. Sehemu kubwa ya saa ya kwanza inatumika kuwatafuta wapiganaji wenyewe: nani ana njaa kiasi cha kukubali ujira wa wali, nani bado ana heshima, nani anajifanya tu. Vita vinangoja nusu ya pili. Wajapani walijaza kumbi, na tamasha la Venice likaitunuku Simba wa Fedha. Ilipovuka bahari ilikatwa zaidi ya dakika 40, kwa hofu kwamba watazamaji wa nje hawatavumilia. Hofu hiyo ilikuwa ya wauzaji, maana watazamaji hawakuwa wameulizwa.

Miaka minane baadaye, katika Tsubaki Sanjuro, Kurosawa aliupeleka mchezo huu mbali zaidi. Mwishoni mwa filamu Toshiro Mifune na Tatsuya Nakadai wanasimama uso kwa uso, karibu sana, na kwa karibu nusu dakika hakuna anayetikisika. Kisha ni pigo moja, damu inaruka kwa kishindo, basi. Ukikata nusu dakika ile ukabakisha pigo peke yake, unabaki na mtu aliyechinjwa. Ukiiacha, unapata muda wa kuwatazama watu wawili wanaojua kwamba mmoja wao hatatoka hapo.

Leone alikuwa mwanafunzi mtoro wa shule hiyo. Filamu yake ya 1964, Per un pugno di dollari, aliijenga juu ya Yojimbo ya Kurosawa bila kuomba ruhusa, na kampuni ya Toho ikadai haki yake mpaka ikapewa sehemu ya mapato. Lakini zaidi ya kisa, alijifunza namna ya kulisimamisha jambo likiwa mlangoni. Katika Il buono, il brutto, il cattivo ya 1966, wanaume watatu wanatazamana makaburini kwa dakika kadhaa, kamera ikihama kutoka mbali hadi mkononi, kutoka mkononi hadi machoni, huku muziki wa Ennio Morricone ukipanda. Kwa filamu ya 1968 Morricone alitunga muziki kabla ya kamera kuwashwa, ukapigwa wakati wa kurekodi, waigizaji wakatembea kwa mwendo wake. Polepole ile haikuwa uzembe wa mhariri. Ilipimwa hatua kwa hatua, kama ngoma inavyompimia mchezaji.

Kwa nini basi Wafaransa wakae na Wamarekani waondoke? Hapa tarehe zinasema kitu. Ulaya iliziona filamu za Leone moja moja kuanzia 1964, na kila moja ilikuwa ndefu na tulivu kuliko iliyotangulia. Watu walifundishwa kusubiri kidogo kidogo, bila wao wenyewe kujua. Marekani filamu tatu za kwanza ziliingia zote ndani ya mwaka mmoja, 1967, zikiuzwa kwa uso wa Clint Eastwood na kwa wingi wa maiti. Iliyofuata haikuwa na Eastwood. Ilikuwa na Henry Fonda, mtu aliyewahi kuigiza Abraham Lincoln akiwa kijana, mwema wa wema katika macho ya taifa lile, na kitendo chake cha kwanza humo ndani ni kuua mtoto mdogo. Aliyekuja kwa ajili ya Eastwood aliona amedanganywa mara mbili: kwa mwendo na kwa sura.

Mwaka ule ule wa 1968 Wamarekani hao hao waliijaza mifuko ya Bullitt. Wanaoikumbuka leo hukumbuka gari la Steve McQueen likiruka vilima vya San Francisco, na mbio zile zinakaribia dakika 11. Filamu iliyobaki inakwenda taratibu sana: mpelelezi anayenunua chakula dukani, korido za hospitali, watu wanaokaa kimya wakisubiri simu. Hata mbio zenyewe zinaanza kwa gari moja kulifuata lingine bila haraka, na muziki unakatika hasa pale injini zinaponguruma. Hakuna aliyelalamika. Waliahidiwa mbio, wakapewa mbio, na kwa malipo hayo wakakubali ukimya wote uliobaki.

Jean-Pierre Melville hakuahidi hata mbio. Mwaka 1967 alimlaza Alain Delon kitandani katika chumba cha kijivu, sigara mdomoni, ndege akilia ndani ya tundu, na kwa karibu dakika kumi hakuna anayetamka neno. Filamu ni Le Samouraï, na Delon ni Jef Costello, muuaji wa kukodiwa. Anaweka kofia sawa mbele ya kioo, anatoka, anaingia katika gari la Citroën lisilo lake, anatoa bunda la funguo na kujaribu mmoja baada ya mwingine huku mvua ikinyesha nje. Sijaona wizi wa gari unaobana kifua kuliko huo, na hakuna anayekimbia. Ufaransa karibu watu milioni mbili walilipa kuutazama. Marekani ilifika 1972 ikiwa imewekewa sauti za Kiingereza na kubatizwa The Godson, ili idandie jina la The Godfather iliyokuwa inavuma. Mtu aliyeingia akitarajia ukoo wa Corleone, akakutana na mwanaume anayelisha ndege, ana haki ya kununa. Melville alilipwa baadaye: John Woo aliitolea heshima mwaka 1989 katika filamu yake ya Hong Kong The Killer, na Jim Jarmusch mwaka 1999 katika Ghost Dog.

Asia ya Mashariki nayo ilikuwa na mgogoro wake. King Hu alipotoa A Touch of Zen Taiwan, aliwaweka watazamaji karibu saa nzima kabla ya upanga wa kwanza kukutana na mwingine. Inazidi saa tatu. Ilionyeshwa kwa vipande viwili na haikupata watu. Mwaka 1975 Cannes ikaizawadia kwa ufundi wake, na pambano lake la msitu wa mianzi likawa mama wa mapambano mengi yaliyofuata, likiwemo la Crouching Tiger, Hidden Dragon ya mwaka 2000.

Lakini msomaji wa Afrika Mashariki anaijua zaidi filamu nyingine ya wakati ule, na sidhani kama amewahi kuiita ya polepole. Mwaka 1971 Bruce Lee alitokea katika The Big Boss akiwa kibarua wa kiwanda cha barafu Thailand. Ana kidani shingoni, na amemwahidi mama yake kwamba hatapigana. Wenzake wanapigwa mbele yake. Anakunja ngumi, anakunjua, anageuka. Sehemu kubwa ya nusu ya kwanza inapita hivyo, mpaka mtu anamkatia kidani kile. Hong Kong nzima ililipuka, na filamu ikavunja rekodi ya mapato ya mji huo. Kutoka Unguja hadi Nairobi jina la Bruce Lee likaandikwa kwenye kuta za vijiwe na migongoni mwa fulana. Watu waliopenda filamu hiyo walisubiri karibu dakika 45 kumwona stelingi akirusha teke, na walimpenda zaidi kwa sababu hiyo. Walijua kwa nini hapigani, na walijua kwamba itafika saa atapigana.

Miaka ya 1970 na 1980 naipita kwa haraka, maana visa vyake vinafanana. Walter Hill alitoa The Driver mwaka 1978, watu wake wote wasio na majina, na nyumbani kwake ikapuuzwa. Blade Runner ya Ridley Scott ilistahili bahati njema kuliko iliyoipata. Ilianza kuonyeshwa tarehe 25 Juni 1982, wiki mbili baada ya E.T., ikiwa na Harrison Ford ambaye mwaka mmoja tu kabla alikuwa akikimbizwa na jiwe kubwa katika Raiders of the Lost Ark. Watazamaji wa majaribio wa Denver na Dallas walitoka wamechanganyikiwa, hivyo kampuni ikabandika sauti ya msimulizi na mwisho wa furaha. Ikaanguka hata hivyo. Mwaka 1992 ilirudishwa bila sauti ile, na leo ni nadra kukuta orodha ya filamu kubwa za karne isiyoitaja.

Wakati huo huo kitu kilibadilika ndani ya filamu za mapigano zenyewe. Mtaalamu wa sinema David Bordwell alipima urefu wa vipande vya picha katika filamu za Hollywood. Kabla ya 1960, kipande kimoja kwa kawaida kilidumu wastani wa sekunde 8 hadi 11. Mwishoni mwa karne wastani ulikuwa umeshuka hadi kati ya sekunde 3 na 6, na The Bourne Ultimatum ya 2007 ilikaribia sekunde 2. Video za muziki zilichangia, na mashine za kuhariri kwa kompyuta zikarahisisha kazi ya kukata. Mtoto aliyekulia katika kasi hiyo akiwekewa kamera inayomtazama mtu kwa sekunde 20 anadhani kuna kitu kimeharibika.

Katika hali hiyo George Clooney aliletwa kwenye kumbi za Marekani mwezi Septemba 2010. The American ya Anton Corbijn inamhusu fundi wa silaha aliyejificha katika vijiji vya milimani vya Abruzzo, Italia, na muda mwingi tunamtazama akichonga chuma, akinywa kahawa na kuangalia nyuma yake. Trela ilijaa bastola na pikipiki. Filamu ilishika nafasi ya kwanza kwa mapato wikendi ile, kisha kampuni ya CinemaScore, inayowauliza watazamaji mlangoni wanapotoka, ikarudi na alama ya D-. Katika mgahawa mmoja ndani ya filamu hiyo televisheni inaonyesha C'era una volta il West, na mwenye mgahawa anamtaja Leone kwa fahari. Corbijn aliweka wazi yeye ni wa ukoo gani. Wauzaji wake hawakuwaambia watu.

Mwaka uliofuata ukaleta kesi iliyo wazi kuliko zote. Mwezi Mei 2011 Nicolas Winding Refn, Mdenishi, alipata tuzo ya mwongozaji bora Cannes kwa Drive, mbele ya majaji walioongozwa na Robert De Niro. Ryan Gosling ni dereva asiye na jina: mchana anaruka na magari kwenye filamu, usiku anawatorosha wezi. Katika tukio la kwanza anasikiliza redio ya polisi kwa sikio moja na mechi ya mpira wa kikapu kwa jingine. Anazima taa, anajificha, anangoja helikopta ipite, na mwishoni anaingia katika maegesho ya uwanja hasa mechi inapokwisha, anavaa kofia na kupotea katika umati. Ni utoroshaji wa gari ambao nusu yake ni kusimama. Kisha inakuja lifti: busu refu, taa zikififia, muda ukiwa umesimama, na mara baada yake kichwa cha mtu kinapondwa kwa kiatu mpaka mwanamke aliyebusiwa anarudi nyuma kwa hofu. Bila busu lile tungeshangilia. Refn anatulazimisha kuona alichokiona yeye mwanamke.

Ilipofunguliwa Marekani Septemba 2011 watazamaji waliipa C-. Miezi michache tu kabla walikuwa wameona Fast Five, magari yakiburuta kasha la fedha katika mitaa ya Rio, na trela ya Drive iliwaonyesha karibu kila gari lililomo. Mwanamke mmoja wa jimbo la Michigan alikwenda mahakamani, akisema, pamoja na malalamiko mengine, kwamba alionyeshwa tangazo la filamu ya mbio na akapewa filamu yenye udereva kidogo sana. Wengi walimcheka. Mahakama ilimkatalia, na mwaka 2013 ya rufaa ikamkatalia pia. Kisheria sina la kusema. Lakini juu ya kilichotokea ndani ya ukumbi naona alisema kweli: aliuziwa kitu kingine. Filamu yenyewe iligharimu takriban dola milioni 15 na ikarudisha zaidi ya milioni 75 duniani kote. Koti lake jeupe lenye nge mgongoni likaigwa na kuuzwa kila mahali, kama makoti ya Leone yalivyotafutwa Paris. Waliotakiwa kuiona waliipata, wengi wao baada ya kuambiwa na rafiki badala ya tangazo.

Sitaki kuonekana natetea kila filamu inayotambaa. Refn huyo huyo alirudi Cannes 2013 na Only God Forgives, iliyorekodiwa Bangkok, akazomewa na baadhi ya waliohudhuria, na naona walikuwa na hoja: humo ukimya haumwelezi mtu yeyote, unapendezesha kuta tu. Killing Them Softly ya Andrew Dominik ilipewa F mwaka 2012, adhabu isiyolingana na kosa lake. Hou Hsiao-hsien, kwa upande mwingine, alipata tuzo ya mwongozaji bora Cannes 2015 kwa The Assassin, ambamo mapigano hukatika kabla hayajakolea na pazia la hariri likipepea hudumu kuliko upanga. Hiyo naipenda bila masharti, ingawa naelewa anayelala.

Kwetu, jibu la watazamaji kwa ukimya lilichukua umbo ambalo wanahistoria wa sinema wa Ulaya hawakuliwazia. Katika vibandaumiza vya Dar es Salaam na miji mingine ya Tanzania, watafsiri kama Lufufu walikaa na maikrofoni wakiisimulia picha kwa Kiswahili. Kenya ikampata DJ Afro, Uganda ikawapata ma-VJ wake. Stelingi akikaa kimya, mtafsiri anasema anachowaza. Akipanda ngazi polepole, mtafsiri anataja jambazi aliye juu. Katika filamu ya Wakaliwood, Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa Kampala mwaka 2010 na Nabwana I.G.G., VJ Emmie anawaahidi watazamaji kila baada ya muda mfupi kwamba mapigano yanakuja. Wapo wanaoona huku ni kuharibu kazi ya watu. Mimi naona mtafsiri amefanya ambacho Paramount ilishindwa 1969: badala ya kukata subira ya filamu, amekaa na mtazamaji ndani yake.

Na subira yenyewe si ngeni pwani. Fumo Liyongo, katika utendi wake, akishachomwa kitovuni na mwanawe, anakwenda kisimani, anapiga goti, anapachika mshale kwenye upinde na kufa katika mkao huo. Watu wa mji wanamwona kwa mbali, wanadhani yu hai, na siku zinapita hakuna anayethubutu kuteka maji. Mama yake anakuja kumsihi. Hakuna mshale unaoruka. Wasimulizi wa Pate na Lamu walijua kwamba mpiganaji asiyetikisika anatisha kuliko anayerusha, na vizazi vya wasikilizaji vikakaa kuwasikiliza hadi mwisho.

Kwa hiyo nina maombi mawili kwa wanaoshughulika na filamu huku kwetu. Wasambazaji na vituo vya televisheni, mnapotangaza filamu ya namna hii itangazeni ilivyo. Wekeni hata sekunde kumi za ukimya wake ndani ya tangazo, na watakaokuja watakuwa wanaitaka. Waongozaji wetu wa filamu za mapigano, ambao kila siku mnaambiwa mkate, ongezeni kasi, jaribuni mara moja kumwacha stelingi asimame mlangoni mpaka tumjue. Watazamaji waliongoja dakika 45 kumwona Bruce Lee akipigana wana watoto na wajukuu, na hao pia wanajua kungoja.